Siku Moja Köln: Mwongozo Kamili kwa Abiria wa Meli ya Mto Rhine

Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki walilisikia jina la Köln, au Cologne, kabla hawajajua lolote kuhusu mji wenyewe. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza mwaka 1963, na mpaka redio hiyo ilipohamia Bonn mwaka 2003, matangazo yake yalitoka Köln. Kwa waliokulia kwenye nyumba zenye redio ya masafa mafupi, mji huu si mgeni kabisa masikioni.

Njia mojawapo nzuri ya kuufikia leo ni meli za kitalii zinazopita Mto Rhine kati ya Amsterdam, Uholanzi, na Basel, Uswisi. Safari nzima kwa kawaida huchukua wiki moja, na Köln hupewa siku moja, mara nyingine nusu siku. Meli hufunga gati katikati ya mji. Unavuka ubao wa kushukia na mbele yako kuna historia ya miaka 2,000. Taabu ni kwamba muda ni mfupi, na abiria wengi huumaliza kwenye foleni, madukani, au wakikimbizana na kiongozi wa msafara. Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia kwa vitendo katika kila hatua: Köln ni mji uliolelewa na mto, kwa hiyo anzia mtoni, chagua mambo machache, na uyatazame kwa utulivu.

Hatua ya 1: Hesabu siku zako kabla ya kuomba viza

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Uholanzi, Ujerumani, Ufaransa na Uswisi zote zimo katika eneo hilo, hivyo viza moja inatosha kwa Rhine nzima. Kinachowachanganya wengi ni ubalozi wa kuupelekea maombi. Kanuni iko hivi: unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, siku zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Chukua ratiba ya meli, kaa chini na kalamu, uhesabu siku bandari kwa bandari. Mara nyingi Ujerumani ndiyo hushinda, lakini ukiongeza siku tatu nne za kutembea Amsterdam kabla ya kupanda meli, hesabu inaweza kugeuka.

Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usiyapeleke zikiwa zimebaki pungufu ya siku 15. Bima ya safari lazima iweze kulipia matibabu ya angalau euro 30,000. Iombe kampuni ya meli barua inayotaja jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, na bandari ya kila siku. Barua hiyo ndiyo itakayosimama mahali pa uthibitisho wa hoteli. Ndugu zetu wanaoishi Uingereza wakumbuke kwamba kibali cha ukaazi cha Uingereza hakiwaingizi Schengen. Na ikiwa siku moja utachagua Mto Danube badala ya Rhine, angalia kama meli inafika Serbia, maana hapo unatoka Schengen na utahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Hatua ya 2: Chagua msimu kwa kuangalia maji

Msimu mkuu ni Aprili hadi Oktoba. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi siku chache kabla ya Krismasi kuna safari za masoko ya Krismasi, na soko la Köln lililo chini kabisa ya kanisa kuu hujaa watu hadi kupita ni kusukumana. Ukienda wakati huo, beba koti zito, glavu na soksi za sufu. Upepo wa mtoni hauna huruma.

Jambo ambalo vijitabu vya matangazo hulipitia haraka ni maji yenyewe. Rhine hujaa na hupungua. Kipimo cha maji cha Köln kikifika mita 8.30, meli zote huzuiwa kupita. Mwishoni mwa Januari 1995 kilifika mita 10.69, na Oktoba 2018 kilishuka hadi sentimita 69. (Namba hizi ni za kipimo tu, kina chenyewe cha njia ya meli huwa kikubwa zaidi.) Maji yakipungua sana, meli hukwama kupita Kaub, kule kusini mwa Koblenz ambako mto una mwamba na njia ni ya kina kifupi, na abiria huhamishiwa kwenye mabasi. Mafuriko huja zaidi wakati wa baridi na mwanzo wa masika yao. Maji hupungua mwisho wa kiangazi na wakati wa vuli. Kwa sababu hiyo mimi huwashauri watu wachague Mei au Juni. Kabla ya kulipa, soma sehemu ya mkataba inayoeleza kampuni itafanya nini maji yakigoma. Nyingi hujiwekea haki ya kubadili ratiba bila kurudisha fedha.

Hatua ya 3: Jiandae usiku wa kuamkia Köln

Ratiba ya kesho huletwa chumbani au hubandikwa mapokezi. Saa zake zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, na hapo ndipo watu wetu hupotea. 17:30 ni saa 11 na nusu jioni. Ukisafiri na wazazi, waandikie saa za Kiswahili kwenye karatasi waiweke mfukoni.

Kila abiria hupewa kadi ya meli. Unaposhuka, mapokezi huandikisha kwamba umetoka, na kabla meli haijang'oa nanga wanahakiki nani hajarudi. Ipige picha kadi hiyo, pamoja na namba ya simu ya meli. Piga picha pia kibao cha gati mlilofunga, kwa sababu Köln ina magati mengi pande zote za daraja la reli na meli za mtoni hufanana sana: ndefu, nyeupe, nyingi zikiwa na mita 110 hadi 135. Usishangae pia ukikuta meli mbili au tatu zimefungwa ubavu kwa ubavu. Utapita katikati ya ukumbi wa meli ya jirani ili kufika nchi kavu, na ukirudi jioni huenda jirani amebadilika.

Kwenye begi dogo weka nakala ya pasipoti na viza (meli nyingi hukaa na pasipoti zenyewe mapokezi), euro za sarafu kwa ajili ya vyoo vya kulipia, chupa ya maji, na koti la mvua. Vaa viatu vilivyozoea miguu yako. Mji mkongwe umesakafiwa kwa mawe, na mawe hayo yakilowa huteleza.

Angalia siku pia. Jumapili maduka hufungwa na asubuhi kanisa kuu lina misa. Jumatatu makumbusho makubwa, kama Museum Ludwig, hufungwa.

Hatua ya 4: Panda sitaha ya juu nusu saa kabla ya kufika

Hii ni bure, na abiria wengi huikosa kwa sababu wanakula. Kunywa chai mapema, upande juu.

Anza na ukingo. Kuna vibao vyenye namba kubwa. Ni kilomita za Rhine, zinazohesabiwa kuanzia daraja la kale la Konstanz, kusini, hadi mto unapoingia baharini Hoek van Holland baada ya kilomita 1,036. Katikati ya Köln ni kilomita 688. Ukishajua hilo, safari nzima inasomeka bila ramani.

Sasa inua macho. Minara miwili myeusi ya kanisa kuu huonekana kabla ya kitu kingine chochote. Chini yake kuna mnara mfupi, mnene, wenye vijinara vinne pembeni: hilo ni Groß St. Martin, kanisa la karne ya 12. Kwa karne nyingi huo ndio uliokuwa mnara mkuu wa ukingo huu, kwa sababu kanisa kuu lilikuwa halijakamilika.

Utajiri wa kujenga vyote hivyo ulipita pale pale ulipo wewe, majini. Mwaka 1259 askofu mkuu Konrad von Hochstaden aliupa mji haki ya kusimamisha shehena. Kila mfanyabiashara aliyepita na bidhaa kwa mto ilimlazimu azishushe Köln na kuziweka sokoni kwa siku 3, na wenyeji ndio waliochagua kwanza. Samaki, divai, chumvi, vitambaa, vyote vilipita mikononi mwao. Haki hiyo ilidumu hadi 1831. Anayefahamu jinsi Kilwa ilivyoneemeka kwa ushuru wa dhahabu ya Sofala hatahitaji maelezo mengine.

Mawe nayo yalikuja kwa mto. Sehemu kubwa ya kanisa kuu la zama za kati imejengwa kwa mawe ya Drachenfels, kilima kilicho juu ya mji wa Königswinter, kusini mwa Bonn. Kama meli yako inatoka Basel, umeshakipita, kikiwa na gofu la ngome kileleni; kama inatoka Amsterdam, kitafute baada ya kuondoka Köln, upande wa kushoto.

Mkishafunga gati, kabla ya kupanda kuelekea mjini, tafuta mnara mdogo wa kipimo cha maji ukingoni mwa mji mkongwe. Una uso kama wa saa ya ukutani wenye mishale miwili. Mshale mfupi unaonyesha mita, mrefu unaonyesha sehemu za mita. Wenyeji wakipita huutupia jicho kama wengine wanavyoangalia saa. Siku yenye mvua nyingi za kusini, mshale mfupi ukikaribia 8, ujue nahodha wako hana raha.

Hatua ya 5: Nenda kanisa kuu kwanza, kabla ya mabasi

Kutoka magati ya mji mkongwe ni mwendo wa dakika 5 hadi 10. Nenda asubuhi mapema uwezavyo. Ikifika saa 5, mabasi ya watalii na treni za stesheni kuu, iliyo jirani kabisa, zimeshamwaga watu.

Simama nje kwanza. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1248 na Konrad yule yule wa haki ya shehena. Kazi iliendelea kwa vizazi, ikadorora, na kufikia mwaka 1560 hivi ikasimama kabisa. Winchi ya mbao ilibaki juu ya mnara wa kusini uliokatika, ikawa sehemu ya sura ya mji kwa zaidi ya miaka 400. Ujenzi ulianza tena mwaka 1842 na kukamilika 1880. Kwa miaka michache, minara hii ya mita 157 ikawa jengo refu kuliko yote duniani, mpaka mnara wa Washington ulipoipita mwaka 1884.

Mafundi wa karne ya 19 walijuaje wenzao wa zama za kati walitaka nini? Kulikuwa na mchoro wa uso wa magharibi, uliochorwa kwenye ngozi, wenye urefu wa zaidi ya mita 4. Ulipotea. Nusu yake ikapatikana Darmstadt mwaka 1814, nusu nyingine Paris mwaka 1816. Wakaiunganisha, wakajenga walichokiona. Mtu mzuri wa kumfikiria ukitazama juu ni yule fundi asiyejulikana jina aliyechora kwa uangalifu kiasi kwamba kazi yake ilieleweka baada ya miaka 600 hivi.

Ndani, vua kofia kama wewe ni mwanamume, zima mlio wa simu, na usiingie na begi kubwa. Wakati wa ibada watalii huzuiwa, kwa hiyo angalia ratiba ya misa na masharti ya kuingia kwenye tovuti ya kanisa usiku wa jana yake. Kisha fuata mpangilio huu.

Anza upande wa kushoto wa mbele, kwenye msalaba wa Gero. Umechongwa kwa mwaloni wakati wa askofu mkuu Gero, aliyeongoza kati ya 969 na 976, na ni miongoni mwa misalaba mikubwa ya mbao ya kale zaidi iliyosalia Ulaya. Kristo wake ameshakufa. Kichwa kimelala kifuani, tumbo limevimba, mikono inavutwa na uzito wa mwili. Usimpite haraka.

Sogea nyuma ya altare kuu hadi kwenye sanduku la Mamajusi Watatu. Mwaka 1164 askofu mkuu Rainald von Dassel alileta kutoka Milan mifupa iliyoaminiwa kuwa ya mamajusi waliomfuata nyota hadi Bethlehemu. Mahujaji wakafurika, na kanisa lililokuwepo likaonekana halitoshi. Hiyo ndiyo sababu ya jengo hili lote. Sanduku lenyewe, lenye umbo la kanisa dogo na urefu wa mita 2.2, lilianza kutengenezwa karibu mwaka 1190 na fundi dhahabu Nicholas wa Verdun na wenzake. Tazama upande wa mbele, chini kushoto. Mamajusi watatu wanamletea mtoto zawadi, na nyuma yao yuko mtu wa nne. Huyo ni Otto IV, mfalme wa Ujerumani, aliyetoa dhahabu ya kazi hiyo naye akawekwa kwenye msafara.

Mwisho geukia dirisha kubwa la upande wa kusini, kazi ya Gerhard Richter ya mwaka 2007: zaidi ya vipande 11,000 vya kioo vya mraba, rangi 72, bila sura ya mtakatifu hata mmoja. Jua la kabla ya mchana likilipiga, rangi humwagika sakafuni na juu ya nguzo. Limezua ubishi tangu siku ya kwanza. Mimi nalipenda, na ningekaa hapo dakika kumi kuliko kupanda mnara.

Na mnara je? Una ngazi 533 za kuzunguka, nyembamba, na wanaopanda hukutana na wanaoshuka humo humo. Hakuna lifti kwa wageni. Njiani unapita chumba cha kengele, iliko kengele ya Mtakatifu Petro ya mwaka 1923 yenye uzito wa tani 24, ambayo hupigwa siku kubwa tu. Kama una siku nzima na magoti mazima, panda. Kama una nusu siku, acha; mandhari bora zaidi yanakusubiri ng'ambo, kwa lifti.

Hatua ya 6: Shuka kwenye maegesho ya magari

Sitanii. Mwaka 50 baada ya Kristo, Agrippina, aliyezaliwa hapa na kuolewa na Kaisari Claudius, alisababisha makazi haya yapewe hadhi ya mji kamili wa Kirumi, Colonia Claudia Ara Agrippinensium. Kipande cha ukuta wa mji huo kiko chini ya uwanja wa kanisa kuu, ndani ya maegesho ya magari, katikati ya magari ya watu. Hakuna kiingilio. Ukirudi juu, karibu na mlango wa magharibi wa kanisa, kuna tao dogo la mawe ambalo wageni hupita bila kuliangalia: lilikuwa njia ya waenda kwa miguu kwenye lango la kaskazini la Warumi.

Hatua ya 7: Tembea mji mkongwe bila kudanganyika

Shuka kupitia Alter Markt, uone mnara wa jumba la mji uliojengwa kati ya 1407 na 1414 na kujazwa sanamu, kisha Groß St. Martin na Fischmarkt, soko la zamani la samaki lenye nyumba nyembamba za rangi rangi. Ni picha ambayo kila mtu huipiga.

Lakini jua unachokiona. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 1942, zaidi ya ndege 1,000 za Uingereza zilishambulia mji huu, na mashambulizi yakaendelea hadi 1945. Mwisho wa vita mji mkongwe ulikuwa karibu wote kifusi. Kanisa kuu lilipigwa mabomu mara kadhaa likabaki limesimama. Nyumba nyingi unazoziona ni za kujengwa upya, na makanisa 12 ya kale yalirudishwa kwa kazi ya miongo minne. Hilo haliupunguzii mji thamani. Ukiingia Groß St. Martin na kukuta kuta tupu, bila mapambo, unaelewa kilichoungua. Omba kushuka chini ya kanisa hilo: kuna mabaki ya maghala ya Kirumi, kwa kuwa mahali hapa palikuwa kisiwa, na mizigo ilishushwa hapa muda mrefu kabla ya haki ya Konrad.

Uwanja wa mbele ya jumba la mji una jambo moja zaidi la kukumbukwa. Amri ya Kaisari Konstantino ya mwaka 321 inataja Wayahudi wa Köln, na huo ndio ushahidi wa maandishi wa kale zaidi wa jumuiya ya Kiyahudi kaskazini mwa milima ya Alps. Walifukuzwa mwaka 1424. Walirudi baadaye, na wakati wa utawala wa Hitler wakapelekwa kuuawa. Njiani utaona vijibamba vya shaba njano, vya ukubwa wa kiganja hivi, vilivyozamishwa kwenye sakafu ya barabara mbele ya nyumba. Kila kimoja kina jina la mtu aliyeishi hapo. Gunter Demnig, msanii aliyekuwa akiishi hapa, ndiye aliyeanzisha kazi hiyo. Inama usome hata kimoja.

Wapenzi wa marashi wana kituo chao karibu na hapo: nyumba ya Farina, iliyoanzishwa mwaka 1709, ambako Johann Maria Farina alitengeneza ile eau de Cologne ya asili.

Hatua ya 8: Kula, na kusali

Kurudi melini kwa chakula cha mchana ni kupoteza saa moja na nusu, hata kama umeshakilipia. Kula mjini.

Baa za kienyeji huuza bia ya Kölsch kwa glasi nyembamba za lita 0.2. Mhudumu huleta glasi mpya bila kuulizwa kila ya kwanza ikiisha, na huweka alama kwenye kibao cha karatasi cha kuwekea glasi. Ukitosheka, funika glasi kwa kibao hicho. Vyakula vyenyewe vinahitaji tahadhari: "Halver Hahn" si nusu kuku kama wajuao Kijerumani wanavyodhani, ni mkate wa rai (nafaka iitwayo rye kwa Kiingereza) na jibini, na "Himmel un Ääd", viazi vilivyopondwa na tofaa, huletwa na soseji ya damu.

Anayetaka chakula halali aende mtaa wa Weidengasse, mwendo wa kama robo saa kaskazini mwa stesheni kuu. Migahawa ya Kituruki imepangana pande zote mbili: nyama ya kuchoma kwenye makaa, supu ya dengu, chai ya glasi. Ni chakula kizuri na bei zake ni afadhali kuliko za pembeni mwa kanisa kuu.

Msikiti Mkuu uko Ehrenfeld, kituo cha Piusstraße kwa treni za mjini. Ulifunguliwa rasmi mwaka 2018. Aliyeusanifu ni Paul Böhm, ambaye baba yake na babu yake walikuwa wasanifu maarufu wa makanisa. Kuba lake ni la zege na kioo, limekatwa vipande kama maganda yanayofunguka, na mwanga huingia kutoka kila upande. Siku ya Ijumaa panga muda wako vizuri, maana kwenda, kusali na kurudi kutakula mchana wako.

Hatua ya 9: Mchana, chagua kimoja tu

Mwenye tumbo gumu aende kanisa la Mtakatifu Ursula, nyuma ya stesheni. Kuna chumba cha mwaka 1643 ambacho kuta zake zimepambwa kwa mifupa ya binadamu, iliyopangwa kwa maua na maandishi, kwa kumbukumbu ya hekaya ya Ursula na mabikira 11,000 waliouawa hapa. Hekaya hiyo na ya Mamajusi zimo kwenye nembo ya mji: mataji matatu na alama 11 nyeusi.

Wenye watoto waende makumbusho ya chokoleti, ukingoni, kusini mwa mji mkongwe. Hapo Mwafrika ana cha kuwaambia wanawe, kwa sababu habari inaanzia kwa mkulima wa kakao, na anayetoka Kyela au Bundibugyo anaijua kakao ikiwa bado juu ya mti.

Na anayetaka kujadiliana na historia aende Rautenstrauch-Joest, makumbusho ya tamaduni za dunia. Mwaka 2022 mji wa Köln ulikubali kuirudishia Nigeria umiliki wa kazi za sanaa za Benin (ufalme wa kale ulioko Nigeria ya leo, si nchi ya Benin) zilizokuwa humo. Hapo ndipo ningekwenda mimi.

Hatua ya 10: Vuka daraja jioni

Daraja la Hohenzollern lilikamilika mwaka 1911, likalipuliwa na wanajeshi wa Kijerumani wenyewe mwaka 1945 wakikimbia, likajengwa tena. Ni la treni, waenda kwa miguu na baiskeli tu. Pita upande wa kusini. Kuanzia mwaka 2008 wapendanao hufunga kufuli kwenye uzio wake na kutupa ufunguo mtoni, na sasa uzio hauonekani tena. Treni ikipita, sakafu hutetemeka na kufuli zote hulia kwa pamoja.

Ng'ambo, Deutz, kuna jengo la KölnTriangle. Lifti yake inakupeleka hadi mita 103 kwa kiingilio kidogo, na kwenye vioo vya juu kumechorwa majengo na majina yake. Usipotaka kulipa, kaa kwenye ngazi pana za ukingoni. Jua linazama nyuma ya kanisa kuu, kwa hiyo mchana mwangaza unakuwa mbele ya kamera na picha zinaungua. Subiri dakika 20 baada ya jua kuzama, taa zikishawashwa na anga bado ni ya buluu.

Hatua ya 11: Kurudi, na ukiachwa

Jipe nusu saa ya ziada. Muda uliotangazwa ni wa kuwa ndani ya meli, si wa kuwa njiani. Angalia kama meli imehamishiwa gati jingine. Ikitokea, mapokezi hutoa taarifa, ndiyo maana simu yako iwe na chaji.

Ukiachwa, usibabaike. Piga namba ya meli uliyoipiga picha, ueleze uko wapi, uulize bandari inayofuata na gati gani. Kisha nenda stesheni kuu. Meli inayopanda mto kutoka Köln hadi Koblenz, kilomita zisizofika 100, hutumia karibu usiku mzima kupambana na mkondo. Treni hutumia kama saa moja, na hupita ukingoni mwa mto, hivyo unaweza kuikuta meli yako ingali njiani. Tiketi utajilipia mwenyewe.